"Breki zilifeli": swali ambalo sikuwahi kuliuliza

Na Mwandishi Wetu, Reading, Uingereza

KWA miaka kumi na miwili niliyofanya kazi katika chumba cha habari nyumbani Tanzania, kuna sentensi moja niliyoiandika mara nyingi hadi vidole vikaijua vyenyewe: "Chanzo cha ajali hiyo kimeelezwa kuwa ni gari kufeli breki." Utaratibu ulikuwa ule ule. Tulimpigia simu kamanda wa polisi wa mkoa, akataja idadi ya waliokufa na majeruhi, akataja namba ya gari, lilikotoka na lilikokuwa likienda, na mwishoni akasema breki zilifeli na dereva anatafutwa. Mimi nikaandika, mhariri akapitisha, gazeti likaenda mtamboni.

Nyingi ya habari hizo zilikuja msimu wa mvua. Hilo nalo tuliliandika, lakini kama pambo tu: "wakati mvua ikinyesha". Sikumbuki hata siku moja nikimuuliza kamanda swali la pili, kwamba breki hizo zilifeli vipi na mvua ilihusikaje. Kusema breki zilifeli ilikuwa sawa na yale maneno ya tangazo la tanzia, kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Maneno hayo huwa hayaelezi kitu, na wala hakuna anayeuliza zaidi.

Sababu zilizonifanya niondoke nyumbani nimekwisha kuzieleza huko nyuma na sitazirudia. Leo nataka kueleza jinsi nilivyokuja kuliuliza lile swali la pili nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikiwa nyuma ya usukani, natoka jasho katikati ya baridi ya Uingereza.

Nilikuwa nikisambaza vifurushi, kazi ambayo wengi wetu tulioko huku tunaifahamu, kwa gari langu dogo la zamani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Chini ya daraja la reli maji yalikuwa yametuama. Gari lililokuwa mbele yangu lilipita, nikaona maji yakifika katikati ya magurudumu yake, nikasema nami nitapita. Nikapita polepole, injini haikuzima, nikamshukuru Mungu, nikakanyaga mafuta maana nilikuwa nimechelewa. Mita zisizofika mia moja mbele kuna kipilefti. Nikagusa breki. Pedali ilikuwa ngumu kama kawaida, haikuzama, lakini gari liliendelea kwenda kana kwamba halijaambiwa kitu. Nikakanyaga zaidi. Likapunguza mwendo kwa uvivu, likavuta upande wa kushoto, kisha ghafla breki zikashika kwa nguvu na gari likasimama huku pua yake imekwisha kuingia ndani ya kipilefti. Lori lililokuwa likija kutoka kulia lilinipigia honi ndefu ambayo bado naisikia.

Jioni nililipeleka gari kwa fundi mmoja wa Mombasa, mtu mzima aliyenizidi kama miaka ishirini, ambaye kabla ya kuhamia huku alifanya kazi miaka mingi katika gereji za malori Changamwe. Nikamwambia, mzee, breki zimefeli. Akalizungusha gari mtaani mara mbili, akarudi, akazima injini.

"Breki zako nzima, bwana mwandishi," akasema. "Zilikuwa zimeroa tu. Ulizitaka kazi kabla hazijajifuta."

Kisha akalipandisha gari kwenye jeki, akafungua gurudumu la nyuma na kunionesha. Nilikuwa nimeandika habari za breki kwa miaka kumi na miwili na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona breki kwa ndani.

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Kitu kigumu kinabanwa dhidi ya kitu kingine kinachozunguka, vinasuguana, vinapata moto, na gari linapunguza kasi. Maji yakiingia katikati yanafanya kazi ya sabuni kati ya viganja viwili. Magari madogo mengi ya siku hizi yana disiki kwenye magurudumu ya mbele: sahani ya chuma iliyo wazi, inayobanwa na padi mbili. Disiki ikilowa, mzunguko wake wenyewe unayarusha maji nje, na padi zikiigusa tu zinayafuta yaliyobaki. Dereva anahisi kuchelewa kidogo, kisha breki zinashika. Ndiyo ile iliyoshika ghafla pale kwenye kipilefti. Kuna magari ya kisasa ambayo waipa zikiwashwa, kompyuta huzigusisha padi kwenye disiki kila baada ya muda, kwa wepesi ambao dereva hausikii, ili tu kuikausha.

Nyuma, gari langu lina breki za ngoma. Hiyo ni bakuli ya chuma iliyofunikwa, ndani yake mna viatu viwili vilivyopinda mfano wa mwezi mchanga, na dereva akikanyaga pedali viatu hutanuka na kuisugua ngoma kwa ndani. Ngoma ina sifa moja nzuri: inapozunguka, yenyewe hukivuta kiatu na kukikaza zaidi, kwa hiyo dereva anapata nguvu ya ziada bila kutoa jasho. Lakini sifa hiyo inageuka kuwa adha breki zikilowa. Msuguano ukipungua, ule msaada nao unapungua, na nguvu ya breki inashuka kuliko msuguano wenyewe ulivyoshuka. Tena maji yakishaingia ndani ya bakuli hayana haraka ya kutoka. Na kwa kuwa ngoma ya kulia haikauki sawasawa na ya kushoto, gari linavuta upande mmoja wakati dereva anahitaji kwenda mbele moja kwa moja.

Fundi alipitisha kidole ndani ya ngoma yangu, kikatoka na tope jepesi la kijivu. "Maji yatakauka," akasema. "Huu mchanga ndio utabaki unakula."

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria nyumbani. Malori mengi na mabasi mengi katika barabara zetu yanatumia ngoma, mara nyingi kwenye magurudumu yote. Bajaji zinatumia ngoma. Bodaboda nyingi zina ngoma nyuma, na baadhi hata mbele. Anayeifahamu Dar es Salaam anakumbuka Jangwani wakati bonde la Msimbazi linapojaa. Daladala linaingia majini, abiria wananyanyua miguu, kondakta anapiga bodi kumtia dereva moyo, na gari likitoka upande wa pili watu wanashangilia. Dereva naye anakanyaga mafuta kufidia muda uliopotea, sawa na nilivyofanya mimi, akiwa na ngoma nne zilizojaa maji ya mfereji. Mbele yake kuna kituo na watu wanaovuka. Hatari ya kuzama ameivuka na anadhani amemaliza.

Lakini hata mtoto wa kijijini analijua jambo hili kwa vitendo. Sisi tuliokua na baiskeli za Phoenix, zile zenye breki za vyuma na rimu zinazong'aa, tulijua kwamba mvua ikinyesha breki hazipo. Mpira ulikuwa unateleza juu ya rimu iliyolowa na baiskeli inashuka mlima inavyotaka. Tulitumia miguu. Kandambili zangu mbili ziliisha visigino kwa kazi hiyo, na mama alizipigia kelele pasipo kujua zilimrudishia mwanawe. Waendesha pikipiki wa hapa Uingereza nao wana simulizi kama hizo za miaka ya 1970, wakati pikipiki za Kijapani zilipokuja na disiki nzuri za chuma kisichoshika kutu. Kwenye jua zilikuwa ajabu. Kwenye mvua, mtu alibana breki, akasubiri, na alipokuwa karibu kukata tamaa zikashika zote kwa pamoja. Viwanda vililazimika kubadili padi na kutoboa disiki matundu ili maji yapate pa kwenda.

Lakini tukiishia kwenye ngoma zilizolowa tutakuwa tumeliona jambo hili nusu. Breki inalisimamisha gurudumu tu. Anayelisimamisha gari ni tairi, pale linapoishika lami kwa kipande kisichozidi ukubwa wa kiganja. Kitabu cha kanuni za barabarani cha hapa, Highway Code, kinamwambia dereva kwamba kwenye mvua umbali wa kusimama unaongezeka angalau mara mbili, na kwamba zile sekunde mbili za kukaa nyuma ya gari la mbele azifanye walau nne. Nilipokuwa nikijifunzia leseni ya huku nililikariri hilo kama aya ya dini, bila kulifikiria.

Tufanye hesabu ya fizikia ya sekondari. Chukua kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha mabasi na malori nje ya miji Tanzania na Kenya. Mwendo huo ni mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, sekunde moja ya kushtuka imekwisha kula mita 22. Lami kavu yenye mshiko mzuri wa tairi, tuseme 0.7, inahitaji mita kama 36 za breki. Jumla 58. Lami ile ile ikilowa mshiko ukashuka hadi 0.4, breki peke yake zinataka mita 63, na jumla inakuwa 85. Sasa iweke lami hiyo kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100: breki zinataka karibu mita 79, na jumla inapita mita 100, urefu wa uwanja mzima wa mpira. Na hesabu hii inachukulia kwamba breki ni kavu, ziko sawa pande zote na matairi yana michirizi. Tairi kipara kwenye maji ni hadithi nyingine. Kazi ya michirizi ni kuyapa maji njia ya kutokea, na yasipopata njia yanajikusanya chini ya tairi na kulinyanyua. Wataalamu wa NASA walilichunguza hilo miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege, wakapata kanuni inayotegemea upepo ulio ndani ya tairi. Kwa tairi la gari dogo lenye upepo wa kawaida, maji yakiwa yametanda barabarani, gari linaanza kuelea kwenye mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa. Tairi la lori likiwa na upepo wake wa kutosha halielei kirahisi namna hiyo, na labda ndiyo maana madereva wa malori wanaidharau mvua.

Kuna na mvua ya kwanza. Baada ya miezi ya kiangazi, lami imejaa vumbi, matone ya oili na unga wa matairi. Manyunyu ya kwanza ya vuli hayaoshi uchafu huo, yanaukoroga. Barabara inakuwa mbaya zaidi katika zile dakika ambazo dereva hajawasha hata waipa. Mvua kubwa ikinyesha saa nzima inaisafisha lami na hali inakuwa afadhali kidogo.

Tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua wilayani Karatu, basi dogo lililokuwa limebeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha liliacha barabara kwenye mteremko na kutumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika na kupelekwa Marekani kwa matibabu. Nilikuwa bado chumba cha habari. Tuliandika kurasa nyingi, za machozi na za rambirambi, na zilistahili. Nimezirudia hivi karibuni zile nilizoziandika mimi. Neno "mvua" limo. Neno "mteremko" limo. Hakuna hata aya moja niliyoeleza mvua inaifanya nini breki ya basi lililobeba watu na kushuka mlima, ingawa msomaji aliyekuwa akimpandisha mwanawe kwenye basi la shule Jumatatu iliyofuata alikuwa na haja ya kulijua hilo kuliko rambirambi zangu.

Nilipomsimulia fundi habari hii alinyamaza kwanza, kisha akasema kuna maji mengine mabaya kuliko ya barabarani, na haya hayangoji mvua. Ni yale yanayoingia ndani ya mafuta ya breki.

Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya chumvi ya jikoni: yanavuta unyevu wa hewani. Yanaupata kupitia mipira ya breki, kupitia kifuniko cha kopo lake, mwaka hadi mwaka, na katika miji ya pwani kama Dar na Mombasa hewa yenyewe ni nusu maji. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 inatoka 230 na kushuka hadi 155. Gari likishuka mlima mrefu huku dereva kaganda kwenye pedali, breki zinapita joto hilo bila shida. Maji yaliyomo ndani yanachemka na kuwa mvuke. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanaweza kuufikisha mguu wako kwenye gurudumu. Mvuke unabonyea. Pedali inazama hadi sakafuni na hakuna kitu.

Fundi wa huku hubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hivi, hata yakionekana yamejaa. Kwetu yanaongezwa yakipungua, basi. Tena yanaongezwa kutoka kwenye kopo lililofunguliwa zamani, au kutoka kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa kitambaa. Fundi wangu aliniambia aliwahi kupokea Changamwe gari ambalo dereva wake, alipoishiwa njiani usiku, alijazia maji ya sabuni. "Lilifika Mombasa," akasema. "Mungu hakutaka kulichukua siku ile."

Ila aliloniambia baadaye ndilo lililonikosesha usingizi. Breki zilizochemka zikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inarudi juu. Ngoma zilizolowa zikikauka, zinashika. Kwa hiyo askari wa usalama barabarani au mkaguzi wa magari anayefika saa tatu baadaye akalikanyaga pedali, kama gari halikuharibika sana, anakuta breki zinafanya kazi. Anaandika uzembe wa dereva. Dereva anaapa mahakamani kwamba alikanyaga na hapakuwa na kitu, na hakuna anayemwamini. Nimekaa katika vyumba vya mahakama nikiwasikiliza watu hao. Nami sikuwaamini.

Simaanishi kwamba madereva wote ni watakatifu. Mwenye kosa huenda akawa dereva, lakini huenda pia akawa tajiri aliyekataa kutoa pesa za kopo la mafuta ya breki, au gereji iliyoandika kwamba imebadilisha huku haikubadilisha. Mtu akisema "breki zilifeli" hao wote wanakwenda nyumbani kulala.

Malori makubwa na mabasi ya safari ndefu hayatumii mafuta, yanatumia breki za upepo, na hapa maji yana njia yao ya tatu. Kompresa inavuta hewa ya nje, inaibana na kuipeleka kwenye matanki. Hewa ikibanwa kisha ikapoa, unyevu wake unakuwa maji na kutuama chini ya tanki. Kuna kikaushio kinachopaswa kuuzuia, lakini nacho kina kichujio kinachochakaa na kinachotaka kubadilishwa. Ndiyo maana chini ya tanki pana valvu ndogo, mara nyingi ina pete au kamba ya kuvuta, ili maji yatolewe, na kwa magari yetu ya zamani hiyo ni kazi ya kila siku. Asipoyatoa mtu, maji yanashusha kutu kwenye valvu, yanaosha grisi, na zaidi ya yote yanachukua nafasi ya upepo. Tanki la lita 30 lenye maji lita 10 ni tanki la lita 20. Geji haimwambii dereva jambo hilo, kwa sababu geji inapima mgandamizo na si ujazo. Anaiona imejaa. Akianza kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia kwenye mteremko, inashuka haraka kuliko alivyozoea, na upepo ukipungua sana zile springi za dharura zinayafunga magurudumu zenyewe. Kwenye lami iliyolowa, mteremkoni, na tela nyuma, kufungwa kwa ghafla namna hiyo si msaada.

Sasa ongeza juu ya hayo tabia ya kwenda frii. Wenye kuifahamu njia ya Nakuru hadi Eldoret wanalijua eneo la Salgaa na Sachang'wan lilivyopata sifa mbaya kwa malori yanayoshuka gia imetolewa ili kuokoa dizeli. Kwetu kuna Kitonga, kuna Sekenke, kuna mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Gari lililo kwenye gia nzito linashikiliwa na injini yake, na injini haijali mvua. Likiwa frii mzigo wote umeachiwa breki, na breki zenyewe ndizo hizi tulizozieleza. Aliye na busara huingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza. Kuitafuta katikati ya mteremko, lami ikiwa imelowa, ni kuyafanya magurudumu yateleze.

Kuhusu ngoma zilizolowa dawa yake ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Imeandikwa katika kitabu kile kile cha hapa ambacho nilikikariri. Ukitoka kwenye maji ya kina, ukiona nyuma hakuna mtu anayekukaribia, gusa breki kwa upole uone kama zinashika. Zisiposhika vizuri, endelea kwenda polepole huku mguu ukibaki umegusa pedali kidogo tu, ili joto la msuguano lizikaushe. Zinachukua muda mfupi, wakati mwingine chini ya dakika. Dereva wa daladala Jangwani anaweza kulifanya hilo kabla hajafika kituo kinachofuata, na abiria anayelijua anaweza kumwambia.

Mimi nimeanza na wa kwangu. Mtoto wa dada yangu alianza kama utingo na sasa anaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Jumapili iliyopita nilimpigia akiwa amepumzika Ruaha Mbuyuni, kabla ya kuipanda Kitonga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mvua ipo huko?"

"Inanyesha tangu Mikumi."

Nikamuuliza mara ya mwisho kutoa maji kwenye matanki ya upepo ilikuwa lini. Akacheka. Akaniuliza kama huko Uingereza siku hizi nimekuwa fundi. Akasema gari lilitoka gereji mwezi uliopita, na tajiri ana karatasi. Nikamwambia sawa mwanangu, nakuamini, ila niridhishe tu mjomba wako. Nikamsikia anafungua mlango, anashuka, anaguna, anaingia chini ya tela na simu sikioni. Kisha upepo ukafoka kwa nguvu hadi nikaitoa simu sikioni, halafu sauti ikabadilika, ikawa ya kitu kinachotapika.

"Mjomba," akasema. Alikuwa ameacha kucheka. "Yanatoka maji. Ya rangi ya chai."

Nikamwambia asubiri hadi yaishe.

"Bado yanatoka," akasema.